Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Ziwa Nyasa: Mbasa Anakula Ziwani Lakini Anazaliwa Mtoni

Kyela, Mkoa wa Mbeya

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi. Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, Tukuyu. Wakurugenzi wa Halmashauri za Kyela, Rungwe, Busokelo, Ileje, Ludewa na Nyasa. Na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), Kituo cha Kyela.

YAH: CHAKULA NA MTAWANYIKO WA MBASA KATIKA MAJI YA PWANI YA ZIWA NYASA, NA OMBI LA KUFUNGA MILANGO YA MITO WAKATI WA KUPANDA KWAKE

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia ninayeishi Kyela, na ninawaandikia kwa pamoja kwa makusudi, kwa sababu jambo ninaloleta haliwezi kumalizwa na mmoja wenu peke yake. Mbasa ni samaki mmoja, lakini kwa jinsi kazi zenu zilivyogawanywa anasimamiwa na ofisi ambazo kwa kawaida hazikutani: akiwa ziwani ni wa uvuvi, akiingia mtoni anaogelea katika maji ya bodi ya bonde, na changarawe anayotagia mayai iko chini ya kingo za mito ambazo ardhi yake ni ya vijiji na halmashauri. Kila ofisi ikifanya kazi yake vizuri kwa mipaka yake, samaki huyu bado anaweza kutoweka katikati. Ombi langu ni kwamba kabla ya mvua zijazo mtoe uamuzi mmoja wa pamoja wa kufunga uvuvi kwenye milango ya mito wakati mbasa wanapopanda kwenda kutaga, na kwamba uamuzi huo usimame juu ya mambo mawili yanayojulikana kuhusu samaki huyu, yaani anakula nini na anakaa wapi katika kila umri wake.

Kwa wale mnaomfahamu mbasa kwa sahani tu, naomba nianze na maelezo mafupi. Mbasa, ambaye wataalamu humwita Opsaridium microlepis, hapatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Nyasa, katika mito inayoingia humo, na katika sehemu ya juu ya mto Shire unaotoka humo. Ni samaki mwembamba, mrefu, mweupe wa kung'aa, mwenye magamba madogo na mdomo mpana, na akikomaa vizuri anaweza kufikia uzito wa kilo 4. Ng'ambo ya ziwa, kule Malawi, anaitwa mpasa, na wageni wanaokuja kumvua kwa ndoano humwita samoni wa ziwa. Kiukoo si samoni hata kidogo. Samoni ni wa bahari na mito ya kaskazini ya dunia, na jamaa yao wa karibu aliyefika katika nyanda zetu ni trauti, aliyepandikizwa enzi za ukoloni katika vijito vya baridi kama vile vya Mufindi; mbasa yeye ni wa upande wa kapu. Lakini maisha anayoishi yanafanana na ya samoni kwa kiwango ambacho si cha kupuuza, na ndiyo maana yale ambayo wenzetu wamejifunza kwa gharama kubwa kuhusu samoni yanatuhusu.

Samoni wanaoteremka kutoka mito ya Alaska na ya pwani ya magharibi ya Kanada huanza maisha ya baharini wakiwa wadogo, na wengi wao kwa muda fulani hubaki karibu na ufuko, katika maji yasiyo na kina kirefu, wakila wadudu wanaoangukia majini na viumbe wadogo wa jamii ya kamba. Wanapokua, kila aina hushika njia yake. Aina kubwa inayoitwa chinook huwinda samaki wadogo wanaoogelea kwa makundi, huku sockeye akiendelea kula vijidudu vinavyoelea majini hata anapokuwa mkubwa. Mtu akitaka kujua samoni wa aina fulani yuko wapi mwezi fulani, hatua ya kwanza ya busara ni kuuliza chakula chake kiko wapi mwezi huo. Anayetaka kumlinda hana budi kulinda mahali pote anapopita kati ya yai na utu uzima, kwa sababu pakikatika mahali pamoja, mahali pengine pote panakosa maana.

Mbasa naye yuko hivyo hivyo. Nendeni alfajiri katika mwalo wowote kati ya Itungi na Matema, mwombe mama anayepaa samaki awapasulie mbasa mkubwa mbele yenu. Mara nyingi mtakuta tumbo limejaa usipa, wale dagaa wa ziwa hili, wengine bado wazima na wanang'aa, wengine wamebaki vichwa na miiba. Kisha mwombe apasue mdogo, wa urefu wa kiganja, kama atakuwapo kwenye ndoo. Ndani yake hakuna usipa. Kuna kitu kama uji mzito wa kijivu, na ukiuweka chini ya lenzi ndipo unapoona miguu ya wadudu, mabawa, na maganda ya vijidudu vya kuelea. Samaki hao wawili ni wa aina moja na pengine wamevuliwa na mtumbwi mmoja, lakini wanaishi maisha mawili tofauti katika sehemu mbili tofauti za ziwa. Nimewahi kuwaonyesha wanafunzi jambo hili mara nyingi, na sikumbuki darasa lililohitaji maelezo marefu baada ya kuona matumbo hayo mawili yakiwa pamoja juu ya ubao.

Sehemu hizo mbili zinahitaji kuelezwa vizuri, kwa kuwa ramani ya ziwa inadanganya. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina chake kinafikia karibu mita 700, na mtu akisikia takwimu hizo hudhani samaki wana nafasi isiyo na mwisho. Ukweli ni kwamba maji ya chini ya ziwa hili hayachanganyiki na ya juu, na kuanzia kina cha mita 200 na ushei kwenda chini hakuna oksijeni ya kumwezesha samaki kuishi. Maisha yote ya samaki yako katika tabaka la juu tu. Katika tabaka hilo, mbasa mkubwa yuko kwenye maji ya wazi, karibu na uso wa ziwa, akifuata makundi ya usipa. Mdogo anakaa pembeni, kwenye fuko za mchanga na karibu na milango ya mito aliyotokea, ambako maji ni mafupi na wadudu ni wengi.

Sasa tazameni umbo la upande wetu wa ziwa. Kuanzia Matema kuelekea kusini hadi karibu na Manda, milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja majini, na hatua chache kutoka ufukweni tayari ni kina kirefu. Ukanda wa maji mafupi hapo ni mwembamba mno. Uwanda wenye maji mafupi ya kutosha uko huku kwetu Kyela, ambako mito minne, Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, imekuwa ikimwaga mchanga kwa maelfu ya miaka, na tena kule Manda, ambako mto Ruhuhu, mkubwa kuliko yote ya upande wa Tanzania, unaingia ziwani kati ya Ludewa na Wilaya ya Nyasa. Kwa hiyo mahali pa kulelea mbasa wadogo upande wetu si pwani yote. Ni vipande vichache vya ufuko, na vipande hivyo ndivyo vyenye mchanga laini usio na mawe, ambapo ni rahisi kuvuta kokoro, yaani wavu unaokokotwa hadi ufukweni. Kokoro limepigwa marufuku na kanuni za uvuvi, na sina haja ya kuwakumbusha hilo. Ninachotaka mkione ni kwamba kokoro moja likivutwa mahali pa mawe chini ya Livingstone na kokoro lile lile likivutwa kando ya mlango wa Lufilyo mwezi wa Mei, madhara yake hayalingani kabisa, na kama askari na boti za doria ni chache, basi ni bora zikae penye madhara makubwa.

Usipa, ambao ndio chakula kikuu cha mbasa mzima, wanastahili aya yao wenyewe. Ni dagaa wa ziwa hili tu, wanaoishi kwa takriban mwaka mmoja, na idadi yao hupanda na kushuka sana kati ya mwaka mmoja na mwingine. Upepo wa kusini-mashariki unaoitwa mwera, unaovuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Agosti, huchochea maji na kuinua rutuba iliyokuwa chini. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo ya majini, mimea hulisha vijidudu vya kuelea, na vijidudu hivyo ndivyo wanavyokula usipa. Katika miezi hiyo mbasa wakubwa hutawanyika wakiwafuata, na nyavu za makila, zile zinazotegwa ili samaki wanase wenyewe, huwapata mmoja mmoja. Usipa wenyewe wanavuliwa usiku kwa taa, na kwa upande wa Malawi wamekuwa zaidi ya nusu ya samaki wote wanaovuliwa ziwani. Sipendekezi mtu yeyote azuiwe kuvua usipa. Dagaa hao ndio kitoweo cha kaya ambayo haiwezi kununua mbasa, na samaki wa kuishi mwaka mmoja anaweza kuvumilia uvuvi kuliko anayechukua miaka kukomaa. Ninachoomba ni hesabu ya pamoja: kila mwalo unapoandika uzito wa usipa, uandike na idadi ya mbasa siku hiyo hiyo, na angalau mara moja kwa mwezi mtaalamu wa TAFIRI apasue matumbo ya mbasa kadhaa na kuandika alichokuta. Kazi hiyo inahitaji kisu, ndoo, daftari na mtu makini. Baada ya miaka michache tungeweza kutofautisha mwaka ambao mbasa wamepungua kwa sababu usipa wamepungua na mwaka ambao mbasa wamepungua ilhali usipa ni tele, na mwaka wa namna hii ya pili ungetuelekeza moja kwa moja mitoni.

Huko mitoni ndiko kwenye kiini cha barua hii.

Mvua zinapoanza kujaza mito, mbasa waliokomaa hukusanyika mbele ya milango ya mito na kupanda. Wanatafuta mahali ambapo maji ni mafupi, yanakwenda kasi, na chini yake kuna changarawe safi. Hapo hutaga, na mayai hujificha katikati ya vijiwe ambamo maji yenye oksijeni yanapita. Vifaranga vikishapata nguvu huteremka kidogo kidogo kuelekea ziwani. Samaki ambao kwa miezi yote walikuwa wametawanyika katika mamia ya kilomita za mraba sasa wamesongamana katika mlango wa mto wenye upana ambao mtu mmoja anaweza kuukatiza kwa mtumbwi kwa dakika chache. Kila mvuvi wa Kyela anajua siku hizo. Nyavu za makila hutandazwa kutoka ukingo hadi ukingo jioni, migono, yaani mitego ya kusukwa, huwekwa kwenye vijia vya maji vilivyobaki, na asubuhi majike yanayopakuliwa yana matumbo yaliyotuna kwa mayai. Sokoni mayai hayo hupendwa, na bei haishuki kwa sababu yake.

Kuna tofauti moja kati ya mbasa na samoni wa Pasifiki ambayo wapangaji wanapaswa kuipa uzito. Samoni wa Pasifiki akishapanda na kutaga hufa. Anayevuliwa mtoni alikuwa amebakiza safari moja tu. Mbasa hafi. Jike aliyetaga anarudi ziwani, anaendelea kula usipa, anaongezeka ukubwa, na anaweza kupanda tena msimu mwingine akiwa na mayai mengi zaidi. Tunapomkamata kwenye mlango wa mto hatupotezi mayai ya mwaka huu peke yake, tunapoteza na ya miaka yote ambayo angeishi. Ndiyo maana sioni kama kupanua tundu la wavu kutasaidia hapa. Tundu kubwa linawaachia wadogo, na huo ni utaratibu mzuri katikati ya ziwa, lakini kwenye mlango wa mto wakati wa mvua wadogo si wapandaji; wavu wa tundu kubwa unakamata wale wale ambao tulipaswa kuwaachia.

Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inatoa nafasi ya kufunga maeneo na misimu. Serikali imekwisha kuonyesha kwamba inaweza kufanya hivyo kwa jambo zito kuliko hili: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, miezi mitatu mizima, kwa makubaliano na nchi jirani. Ninachoomba kwa Ziwa Nyasa ni kidogo zaidi kwa mbali. Siombi ziwa lifungwe. Naomba eneo dogo mbele ya mlango wa kila mto, pamoja na mto wenyewe hadi kwenye changarawe za kutagia, lisiwe na wavu, mgono wala uzio katika wiki ambazo mbasa wanapanda. Mvuvi aendelee kuvua nje ya alama. Upana wa eneo na tarehe zake upangwe na TAFIRI wakikaa meza moja na wazee wa uvuvi wa kila mto, kwa kuwa Songwe haujai siku moja na Lufilyo, na tarehe moja iliyotungwa mbali kwa mito yote itakuwa imechelewa kwenye mto mmoja na kuwahi kwenye mwingine.

Nawaomba pia mtazame ni nani atakayelinda. Vikundi vya Usimamizi wa Rasilimali za Uvuvi, BMU, vimeundwa kwenye mialo, na wanachama wake ni watu wa ziwa. Mbasa anapopanda anavipita. Anayemkuta juu ni kijana wa kijiji cha wakulima wa mpunga au kakao, ambaye hana leseni ya uvuvi na hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote cha BMU, na ambaye akiona samaki wamekusanyika kwenye kidimbwi anajua majani ya utupa yanapatikana wapi. Sumu hiyo haichagui. Inaua mzazi, kifaranga na wadudu ambao kifaranga angewala. Kumkamata kijana huyo baada ya tukio hakurudishi kitu. Kuwaingiza vijiji vya mtoni katika BMU, na kuwapa sehemu ya ushuru unaokusanywa mwaloni, kungewafanya wawe na sababu ya kumtazama mbasa kama mali yao.

Bodi ya Maji ya Bonde ina jambo lake, na halmashauri za juu zina lao. Changarawe ambayo mbasa anaitafuta ndiyo changarawe ambayo mafundi ujenzi wanaitafuta. Nimesimama kando ya mto nikatazama vijana wakiwa ndani ya maji hadi magotini, mmoja anachota kokoto kwa karai, mwingine anazisuuza mkondoni, wa tatu anazipanga mafungu ukingoni kusubiri lori, na maji yaliyokuwa yakipita safi juu yao yakawa yanatoka chini yao yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Sikuwa na neno la kuwaambia. Walikuwa wanatafuta riziki mahali ambapo hakuna bango lolote linalosema pasichimbwe. Tope likituama juu ya changarawe yenye mayai, maji hayapiti tena kati ya vijiwe, na mayai hukosa hewa. Kokoto zikichotwa, hata mahali pa kutagia hapapo. Vibali vya kuchimba kokoto na mchanga vinatolewa, na ninaamini vitaendelea kutolewa kwa sababu nyumba zinajengwa; basi vitolewe baada ya mtu kukagua kama kipande hicho cha mto ni cha kutagia, na visitolewe kabisa katika miezi ya mvua.

Kuhusu kingo za mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Wote tunajua jinsi kifungu hicho kinavyotazamwa katika nyanda za juu. Kuanzia Ileje hadi Busokelo, na katika vyanzo vya Ruhuhu upande wa Njombe, bonde la mto ndilo shamba la kiangazi, na vinyungu, yaani bustani hizo za bondeni, vimelisha na kusomesha watoto tangu kabla ya sheria hiyo kutungwa. Sitashangaa kama mwenyekiti wa kijiji atakataa kuwaondoa watu wake kwa ajili ya samaki anayeliwa Kyela na kuuzwa Mbeya mjini. Kwa maoni yangu, msianze kwa kusukuma mita 60 kila mahali kwa wakati mmoja, kwani mtapata ugomvi na hamtapata samaki. Anzeni na vipande vya mito vilivyo juu kidogo ya changarawe za kutagia, ambako udongo unaoporomoka leo unafika kwenye mayai kesho. Huko pandeni matete na miti inayoshika udongo, na mkulima anayeacha ukanda wake apewe miche au mbegu ya kulima juu zaidi. Udongo wetu wa volkano kuzunguka Rungwe ni mzuri na mwepesi, na huku chini Kyela mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ukibaki wazi, hauna cha kuuzuia usishuke.

Nina neno pia kuhusu bwawa la Songwe. Tanzania na Malawi zimekwisha kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo, na katika mipango yake kuna bwawa la sehemu ya chini lenye umeme wa takriban megawati 180, pamoja na umwagiliaji na udhibiti wa mafuriko yanayohamisha mkondo wa mto ambao ni mpaka wetu. Mimi si mpinzani wa bwawa. Watu wa Kasumulu na wa bonde lote la chini wameteseka na mafuriko ya kutosha. Lakini bwawa hubadilisha mambo matatu ambayo mbasa anayategemea: linaziba njia, linazuia changarawe mpya isishuke, na linaondoa lile furiko la mwanzo wa mvua ambalo ndilo linalomwita samaki kupanda.

Kule Marekani, katika jimbo la Washington, mabwawa mawili yalijengwa kwenye mto Elwha mwanzoni mwa karne ya 20 bila njia yoyote ya samaki, na kwa karibu miaka 100 samoni wakabaki na kilomita chache tu za mto chini ya ukuta wa kwanza. Ubomoaji ulianza mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2014. Kwenye mto Klamath, mpakani mwa California na Oregon, mabwawa manne yalibomolewa, kazi ikakamilika mwaka 2024, na katika msimu huo huo samoni walionekana juu ya mahali yalipokuwa mabwawa, ambako hawakuwa wamefika kwa zaidi ya miaka 100. Nchi tajiri ililipa mara ya kwanza kujenga na mara ya pili kubomoa. Sisi hatuna fedha ya mara ya pili.

Hata hivyo, nawatahadharisha wahandisi wasitoe suluhisho kwenye kabati la samoni. Ngazi za samaki zilizojengwa kwenye mabwawa ya mito ya kaskazini zilipimwa kwa nguvu na tabia ya samoni, samaki anayeruka maporomoko. Mbasa ni samaki mwingine, wa ukoo mwingine, na uwezo wake wa kupanda unapaswa kupimwa yeye mwenyewe, katika mto wake, kabla mchoro haujatiwa saini. Kama itaonekana hawezi kupita, basi kamisheni ikubaliane kuacha maji ya kutosha yateremke mwanzoni mwa mvua, na vijito vinavyoingia Songwe chini ya bwawa vihifadhiwe kwa ajili ya kutagia. Malawi wana uzoefu wa kutusaidia hapa: mto Bua unapita ndani ya hifadhi ya wanyama ya Nkhotakota, na kwa sababu hiyo sehemu muhimu ya njia ya mpasa iko chini ya ulinzi. Ujumbe wetu ungeweza kwenda kujionea jinsi kingo zenye msitu zinavyofanya kazi, na wakati huo huo kuzungumza kuhusu tarehe za pamoja za kufunga mlango wa Songwe, kwani hakuna faida ya kutoa nyavu upande wa Kyela ikiwa upande wa Karonga zimebaki.

Najua jibu litakalotolewa na baadhi yenu, kwamba vizimba na mabwawa ya kufugia samaki vitaziba pengo. Ufugaji ni kazi njema na naufurahia, lakini perege wa kizimbani anakula chakula kilichonunuliwa kwa fedha, wakati mbasa anageuza usipa wa ziwa kuwa kilo 4 za nyama bila mtu yeyote kumlisha. Hivi ni vitu viwili tofauti, na kimoja hakimpi udhuru anayekiacha kingine kiangamie.

Kwa hayo yote, nawaomba kikao kimoja kifanyike Kyela kabla ya mwisho wa Septemba, kiitishwe na Mkuu wa Mkoa wa Mbeya na kuhudhuriwa na kila ofisi niliyoiandikia, pamoja na wawakilishi wa BMU na wenyeviti wa vijiji vilivyo kando ya mito mitano niliyoitaja. Kikao kitoke na ramani ya changarawe za kutagia, hata kama ni ya kuchora kwa mkono kwa kuelekezwa na wavuvi, na tarehe za kufunga kila mlango. Tangazo litoke mwezi Oktoba, libandikwe mialoni na kwenye ofisi za vijiji na kusomwa redioni, kwa sababu mwezi Novemba wavuvi wengi wanakuwa wamekwisha kukopa fedha na kununua nyavu za msimu, na mtu aliyekwisha kuingia deni hawezi kuambiwa ghafla asitandaze wavu wake.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
Kyela.

Nakala: Wenyeviti wa BMU, mialo ya Kyela, Ludewa na Nyasa; Wenyeviti wa vijiji vya kando ya mito Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Ruhuhu.